Sauti ya James Earl Jones: nani ana haki ya kuisemesha?

Mwigizaji wa Marekani James Earl Jones alifariki tarehe 9 Septemba 2024 nyumbani kwake katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 93. Mei 2025 sauti yake ilikuwa kazini. Ilikuwa ndani ya mchezo wa video wa Fortnite, kwa jina la Darth Vader, mhusika wa filamu za Star Wars, ikiwajibu wachezaji maneno ambayo Jones hakuyatamka hata siku moja na ambayo hakuna mwandishi aliyeyaandika. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiyatunga papo hapo. Saa chache tu baada ya kuzinduliwa, wachezaji walikuwa wameshaifanya itukane.

Warithi wake waliliafiki jambo hilo, na yeye mwenyewe alipokuwa hai aliridhia sauti yake iendelezwe kwa teknolojia. Kwa hiyo hapa hakuna mwizi wa kunyooshewa kidole. Lau angekuwapo, uchambuzi huu ungekuwa mfupi. Ridhaa ya mtu mzima mwenye akili timamu ni jambo zito, wala haifai kulipuuza kwa sababu tu matokeo yake yanatutia baridi mwilini.

Niseme mapema ninakoegemea. Naamini Jones alikuwa na haki ya kuamua alivyoamua. Lakini siamini kwamba kila kilichofanywa baada ya kifo chake kimo ndani ya alichokiruhusu, na siamini kabisa kwamba mfano wake unawafaa watu wanaokula kwa sauti zao hapa Mombasa. Wanaoutaja kama ushahidi kwamba jambo hili halina ubaya wanasahau yeye alikuwa nani, na sauti ile aliipataje.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931, Arkabutla, Mississippi, kusini mwa Marekani, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Baba yake, Robert Earl Jones, aliondoka mapema, naye baadaye akaja kuwa mwigizaji. Mtoto akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama, wakahamia naye Michigan alipokuwa na miaka kama mitano. Huko kigugumizi kikamshika vibaya hata akaona heri anyamaze. Kwa takriban miaka minane hakuzungumza na watu ila kwa nadra. Aliyemtoa kwenye kimya hicho ni mwalimu wake wa Kiingereza, Donald Crouch. Kijana alikuwa ameandika shairi kuhusu balungi. Mwalimu akamwambia shairi hili zuri mno, thibitisha ni lako kwa kulisoma kwa moyo mbele ya wenzako. Akasimama akalisoma lote bila kukwama.

Sisi wa Pwani jambo hilo halitushangazi sana. Katika madrasa na kwenye shughuli zetu wapo watu wanaojulikana kwa kigugumizi, lakini ukiwapa kasida au utenzi wanaughani mwanzo hadi mwisho kama maji. Maneno yenye mizani yana njia yake ya kupita. Jones aliijua njia hiyo akaifanya kuwa kazi ya maisha. Alieleza mara nyingi kwamba kigugumizi hakikumtoka kabisa, ila alijifunza kukipangia. Ule utulivu wake, ile namna ya kuliweka kila neno chini kana kwamba ni kitu chenye uzito, haukuwa wa kuzaliwa. Ulijengwa na mtu aliyekuwa akichagua kila neno kwa sababu alijua kuna maneno yanayoweza kumkwamisha mbele za watu.

Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan, akaanza na masomo ya kumwandaa kuwa daktari, akahamia uigizaji, akatumikia jeshi, kisha akaingia New York katikati ya miaka ya 1950 na kujikimu kwa kazi ya usafi huku akisaka nafasi jukwaani. Mwaka 1964 aliigiza Othello katika tamasha la Shakespeare la New York. Mwaka 1968 aliigiza bondia Jack Jefferson katika The Great White Hope huko Broadway, kumbi kuu za tamthilia za New York, nafasi iliyompa tuzo ya Tony mwaka 1969. Tamthilia hiyo ilipofanywa filamu mwaka 1970 akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora, mwanamume Mweusi wa pili kufika hapo baada ya Sidney Poitier. King Lear mwaka 1973. Fences ya August Wilson mwaka 1987, na Tony ya pili. Mwaka 2011 alipewa Oscar ya heshima, na mwaka 2022 ukumbi wa Cort wa Broadway, uliojengwa mwaka 1912, ukapewa jina lake. Hiyo ni kazi ya jukwaa, kazi ya mwili mzima, mabega na mikono na jasho, usiku baada ya usiku.

Hata hivyo, wengi wetu huku tulimjua kwa sauti kabla ya kuiona sura yake. Mtoto wa Kisauni au Likoni aliyeitazama The Lion King ya mwaka 1994 kwenye kanda iliyochakaa alimsikia Mufasa, baba yake Simba, akizungumza kutoka juu ya jabali, akaamini kwamba kama simba wangesema, wangesema hivyo. Na dunia ilimjua hivyo zaidi kwa sababu ya Darth Vader, jitu la kofia nyeusi katika Star Wars ya mwaka 1977. Mwili ulikuwa wa mwigizaji Mwingereza, David Prowse. Sauti ikawa ya Jones. Kwa mujibu wake mwenyewe alilipwa dola 7,000, na hakutaka jina lake litajwe katika filamu mbili za mwanzo. Aliiona kazi yake kuwa sehemu ya madoido ya filamu tu. Mwigizaji wa nafasi ile, kwa maoni yake, alikuwa Prowse.

Jambo hili lina uzito kwa upande wa wanaotetea uamuzi wake. Vader tangu siku ya kwanza alikuwa sauti iliyotengwa na mwili. Jones hakuwahi kuvaa lile vazi. Alisimama studio, akasoma, akaenda zake. Basi mtu aliyeiuza sauti yake kwa mhusika mmoja, akamwona mhusika huyo akikua kuliko yeyote kati yao, akifika miaka tisini na kuona koo limechoka, ana kosa gani akisema: chukueni kanda zangu za zamani mkaendelee naye? Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 wakati wa kutengeneza mfululizo wa Obi-Wan Kenobi. Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars inayomilikiwa na Disney, ilitumia kampuni ya Respeecher ya Ukraine, ambayo mafundi wake walikuwa wakifanya kazi huku nchi yao ikishambuliwa, kuirudisha sauti ya Jones kama ilivyokuwa katika ujana wa Vader. Matthew Wood wa idara ya sauti ya Lucasfilm alieleza kwamba Jones aliarifiwa na kuridhia.

Upande huu una hoja nyingine ambazo siwezi kuzipita kijuujuu. Sauti ni mali ya mwenyewe pengine kuliko kitu kingine chochote alicho nacho. Tukimruhusu mwigizaji kuuza jasho lake, uso wake, hata picha zake za utotoni, tunawezaje kumwambia kwamba hii moja hana ruhusa nayo? Na teknolojia yenyewe si shetani. Val Kilmer aliponyang'anywa sauti na saratani ya koo, kampuni ya Sonantic mwaka 2021 ilimtengenezea sauti kutokana na kanda zake za zamani, akaweza tena kusikika kama yeye. Ukimfikiria mgonjwa wa koo au wa kiharusi katika wadi yoyote ya hapa Pwani, anayeandika kwenye karatasi ili kumwomba mkewe maji, hutaweza kusema kwamba ufundi huu ulipaswa usiwepo.

Kwa watu wa Mombasa kuna namna moja ya kulifikiri suala hili ambayo iko karibu nasi kuliko sheria za Hollywood, nayo ni wakfu. Mji huu umejengwa kwa sehemu juu ya wakfu: nyumba, maduka, mashamba ya minazi ambayo wenyewe walikwisha kufa zamani lakini mapato bado yanalisha msikiti, mayatima au kizazi chao. Tume ya Wakfu ipo hapa mjini kwa sheria ya mwaka 1951. Asili ya wakfu ni kwamba kitu chenyewe kinasimamishwa: hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi, na faida yake ndiyo inayokwenda kwa waliotajwa. Ukiutazama uamuzi wa Jones kwa jicho hilo, unaonekana wa heshima. Aliisimamisha sauti, akawaachia jamaa zake na mashabiki matunda yake.

Lakini wakfu hausimami bila masharti, na wanazuoni wana kanuni maarufu kwamba sharti la mwenye wakfu ni kama nassi ya sheria. Aliyeweka duka kwa ajili ya mayatima, mutawali hawezi kuligeuza baa kwa kisingizio kwamba mapato yatakuwa makubwa zaidi na mayatima watashiba. Sharti linamfunga msimamizi hata kama aliyeliweka yuko kaburini miaka mia. Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na waliotumia sauti ya Jones mwaka 2025.

Tofauti yangu iko hivi. Kilichofanywa mwaka 2022 na kilichofanywa mwaka 2025 vinaitwa kwa jina moja, sauti ya akili unde (AI), lakini si kitu kimoja. Ufundi wa Respeecher hubadilisha usemi kuwa usemi: mtu hai anasimama studio, anaigiza sentensi zilizoandikwa na mwandishi, anapanda na kushuka, anavuta pumzi, kisha mashine inaivisha sauti yake rangi ya sauti ya Jones. Kuna mwandishi, kuna mwongozaji, kuna mwigizaji aliyejificha. Katika Fortnite hakukuwa na yeyote kati ya hao pale sentensi ilipozaliwa. Mchezaji anauliza, mashine inatunga, mashine inatamka. Ndiyo maana matusi yalitoka. Epic Games, kampuni yenye mchezo huo, iliyarekebisha makosa hayo upesi, lakini kosa la msingi halikuwa yale matusi. Hata kama Vader angekuwa mpole kutwa nzima, bado angekuwa anasema kitu ambacho Jones hakukikubali wala hangeweza kukikataa.

Familia ilieleza wakati huo kwamba Jones aliiona sauti ya Vader kuwa sehemu ya hadithi isiyotenganika nayo, na kwamba alitaka mashabiki wa kila umri waendelee kuisikia. Naamini wanasema kweli. Lakini kusikika ni jambo moja na kuzungumza ni lingine. Mtu anaweza kutaka kusikika milele bila kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutunga atakachosema. Mwigizaji yeyote anaijua tofauti hiyo, kwa sababu kazi yake yote imo katika kuchagua neno hili litoke vipi, na mara nyingine katika kumwambia mwongozaji: hapana, mtu huyu hawezi kusema hivi.

Jones mwenyewe aliwahi kusimama upande wa pili wa ugomvi kama huu. Mwaka 1978 aliigiza peke yake jukwaani maisha ya Paul Robeson, mwimbaji, mwigizaji na mpigania haki aliyefariki miaka miwili kabla. Mtoto wa Robeson na kundi la watu Weusi mashuhuri wa Marekani walipinga tamthilia hiyo hadharani, wakisema inampunguza marehemu na kumpotosha. Jones aliendelea kuigiza. Unaweza kusema basi kwamba aliamini wafu ni wa wote na sanaa haiwezi kuomba ruhusa kwa kila kaburi. Nami nakubaliana naye kwa hilo. Ila angalia alichokifanya: alisimama mbele ya watu kwa uso wake, mtazamaji akijua huyu ni Jones anayemtafsiri Robeson. Aliyechukia alijua amlaumu nani. Sauti inayotoka kwenye mashine haina wa kulaumiwa. Ukiuliza nani amesema, utaonyeshwa mkataba.

Kuna hasara nyingine ambayo haipigiwi kelele sana, nayo ni ya vijana. Jukwaa limeishi kwa kurithishana. Othello ile ya Jones ilikuwa imechezwa na Robeson kabla yake, na pia na mwigizaji Mweusi Ira Aldridge karne moja kabla ya Robeson. Troy Maxson wa Fences, aliyempa Jones Tony ya mwaka 1987, alichezwa tena Broadway mwaka 2010 na Denzel Washington, naye akapata Tony. Washington hakuigiza sauti ya Jones. Alimleta Troy mwingine, mwepesi zaidi wa ulimi, na watu wakaona kwamba mhusika yule alikuwa na vyumba ambavyo havikuwa vimefunguliwa. Hata Mufasa alirithiwa: katika filamu ya Disney ya Desemba 2024 iliyosimulia ujana wake, sauti ni ya Mwingereza Aaron Pierre, na filamu ikafunguliwa kwa kumkumbuka Jones. Basi kampuni moja imemtendea mtu mmoja namna mbili. Kwa Mufasa ilimtafuta mtu hai. Kwa Vader ikaona mtu hai hahitajiki. Chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kiliwasilisha malalamiko rasmi mwezi huohuo wa Mei 2025 kwamba kazi ya Vader katika Fortnite iliondolewa mikononi mwa wanachama wake bila mazungumzo, na kilikuwa makini kusema kwamba hakipingi haki ya warithi kukubali. Walalamikaji walikuwa na sababu: wapo watu ambao kwa miaka walikuwa wakiigiza sauti ya Vader kwenye michezo ya video, kwa kuifuata mizani ya Jones kwa koo zao wenyewe.

Nageukia sasa nyumbani, maana kwangu ndiko jambo hili linakouma zaidi.

Leonard Mambo Mbotela alizaliwa mwaka 1940 Frere Town, hapa Mombasa, katika kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Babu yake alikuwa mmoja wao. Alifariki Februari 2025. Hakuwa mwigizaji wa filamu, lakini hakuna mwigizaji wa Kenya ambaye sauti yake iliingia nyumba nyingi kama yake, kwa utangazaji wa kandanda na kwa kipindi cha Je, Huu ni Uungwana? kilichodumu miongo mitano na zaidi. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi wa jeshi la anga walimfuata nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka kwenye stesheni ya redio ya taifa, Sauti ya Kenya, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo, wanajeshi watiifu walipoikomboa stesheni, ni yeye tena aliyewatangazia wananchi kwamba serikali ya Rais Moi ingali madarakani.

Tafakari ni kwa nini pande zote mbili zilimhitaji. Waasi walikuwa na bunduki na kipaza sauti. Wangeweza kusoma tangazo lao wenyewe. Walimtaka yeye kwa sababu nchi ilikuwa imeizoea sauti ile na kuiamini. Ili kuipata, iliwabidi wamwendee mtu mzima, wamwamshe, wamtishe, wamkalishe kwenye kiti. Hicho ndicho kizuizi kilichokuwapo kati ya sauti na anayetaka kuitumia vibaya: mwenye sauti alikuwa hapo hapo, na aliweza kusita, kukataa, au baadaye kusimulia kwamba alilazimishwa. Mbotela alisimulia kisa hicho maisha yake yote. Leo mwenye nia kama ile hahitaji kumwamsha mtu. Kanda za dakika chache zinatosha, na kanda za Mbotela ni za miaka zaidi ya hamsini.

Ukiuliza kwa nini nasitasita mbele ya hoja ya ridhaa, jibu langu ni hilo. Ridhaa ya Jones ilikuwa ya kweli, lakini desturi inayojengwa juu yake haitaishia kwa watu wenye mawakili. Mombasa ni mji wa sauti. Stesheni kama Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma na Pilipili FM zinatangaza kutoka hapa, na Kiswahili cha Mvita kinatafutwa na wanaotengeneza matangazo ya biashara, ujumbe wa simu za benki, masomo ya redio na filamu za nje zinazotiwa sauti za Kiswahili. Vijana wanaofanya kazi hizo wengi walianzia kwenye tamthilia za vitabu teule vya shule, au kwenye jukwaa la Little Theatre Club. Wanaitwa studio, wanasoma kwa saa mbili, wanalipwa mara moja, wanatia sahihi karatasi ya Kiingereza ambayo hawakupewa muda wa kuisoma. Karatasi hizo mara nyingi zina sentensi inayompa mlipaji haki zote, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, duniani kote, daima dumu. Sentensi hiyo ni ya kale kuliko akili unde. Iliandikwa kwa hofu kwamba kesho kutakuwa na aina mpya ya kanda. Leo inaweza kusomwa kuwa ruhusa ya kumtengeneza msomaji mwingine asiyelala wala kulipwa, mwenye koo la yule wa kwanza.

Atakayesema ninatisha watu bure atanikumbusha kwamba kijana huyo hana sauti ya Jones, na kwamba mashine inayosema Kiswahili vizuri ni faida kwetu sote. Sehemu ya pili naikubali kwa moyo wote. Kipofu wa Changamwe anayetaka simu imsomee gazeti kwa Kiswahili kisichochusha, mwanafunzi asiye na mwalimu, mama asiyejua kusoma anayetaka kujua dawa ya mtoto inapewa vipi, wote hao wanahitaji mashine iliyojifunza kwa sauti za watu wetu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya Kiswahili cha watu waliojitolea kwa hiari kwa ajili hiyo, na wanastahili shukrani. Lakini hao walijua wanatoa nini na kwa ajili ya nani. Sehemu ya kwanza siikubali hata kidogo. Kwamba sauti ya mtu haijapata umaarufu si sababu ya kuichukua kwa bei ya chini. Jones mwenyewe alikuwa mfagiaji kabla ya kuwa Othello, na sauti ya Vader ilinunuliwa kwa dola 7,000.

Wala tusisahau tunashughulika na nani. Disney, mmiliki wa Lucasfilm, ilisajili "hakuna matata" Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo, maneno ambayo bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzia hapa Mombasa, ilikuwa ikiyaimba kwenye hoteli za ufuoni zaidi ya miaka kumi kabla ya filamu ya Simba. Malalamiko yalipoibuka mwaka 2018 kampuni ilieleza kwamba usajili huo haumzuii mtu kuyatumia maneno hayo. Inawezekana. Ila inaonyesha mwelekeo wa watu hao wanapokutana na kitu ambacho mwenyewe hajakiandikia hati: wao hukiandikia.

Sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mwigizaji kwa miaka 50 kuhusu onyesho lake lililorekodiwa. Ni ulinzi mzuri, lakini unalinda onyesho alilolifanya, na kinacholetwa na mashine ni onyesho ambalo hakulifanya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakwenda karibu zaidi: inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kimwili, sawa na alama za vidole, inadai ridhaa au msingi mwingine wa kisheria, na inasema aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa wakati wowote. Hicho kipengele cha mwisho ndicho ninachokishikilia kuliko vingine vyote. Ridhaa iliyo hai ni ile inayoweza kuondolewa. Jones akiwa na miaka 91 aliweza kusikiliza kipande cha Obi-Wan na kusema simtaki Vader huyu. Akiwa kaburini hawezi. Kwa hiyo ridhaa aliyoiacha haikupanuka kwa kifo chake. Ilisimama pale alipoiachia, na kila matumizi mapya yanapaswa kupimwa kwa alichokijua siku hiyo. Mtu aliyeruhusu filamu zilizoandikwa hajaruhusu mazungumzo yasiyo na mwandishi. Tennessee na California zilipitisha sheria mwaka 2024 kuhusu sauti na nakala za kidijitali za waigizaji, na za California zinagusa hasa jambo hili: mkataba usioeleza bayana nakala itatumiwa vipi haumfungi mwigizaji ambaye hakuwa na wakili wala chama cha kumtetea.

Kwa warithi ninakubali wawe na sauti, na ninakubali walipwe. Kinachonitia shaka ni kuwafanya waamuzi pekee. Mtoto anaweza kumpenda baba yake na bado asijue baba angekataa nini kazini, kwa sababu kazi hiyo aliifanya mbali na nyumbani, pamoja na waongozaji na waigizaji wenzake. Ningependa kila anayeiacha sauti yake amtaje mtu mmoja wa fani, aliyefanya naye kazi, mwenye mamlaka ya kusema hapana hata pale familia inaposema ndiyo na fedha ziko mezani. Kwenye wakfu tunajua umuhimu wa kumchagua mutawali. Kwenye sauti bado hatujaanza.

SAG-AFTRA kiligoma siku 118 mwaka 2023, na miongoni mwa vilivyopatikana ni masharti ya ridhaa na malipo kwa nakala za kidijitali. Msomaji wa matangazo wa Mombasa hawezi kugoma siku 118. Hawezi kugoma hata wiki. Anachoweza kufanya ni kuikata ile sentensi ya daima dumu kabla ya kutia sahihi, na kuandika mahali pake kwamba kanda hii ni ya tangazo hili, kwa muda huu, na haitumiki kuifundisha mashine bila mkataba mwingine na malipo mengine. Akiwa peke yake ataambiwa wapo wengine wanaoitaka kazi. Wakiikata wote, studio itabidi izungumze nao. Little Theatre Club, Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus na chama cha haki za waigizaji cha PRISK wanaweza kukaa na wakili mmoja wakatoa mkataba wa mfano wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, ambao kijana ataingia nao studio mkononi. Hilo halihitaji Bunge wala bajeti ya kaunti, na linaweza kufanyika mwaka huu.